Namba Kwenye Kwato

Februari. Jua la Lang'ata limekausha hata mate ya mbwa,
na Daktari Nyokabi anauliza zoezi la mafuriko ni la nini.
Namwambia, Daktari, siku ya mvua farasi hafundishiki.
Anatazama saa yake.

Lori limerudi nyuma hadi mlango wa banda.
Tumetandika nyasi juu ya ubao wa kupandia ili kwato zisilie;
mlio wa ubao mtupu ndio unaomshtua, si giza la ndani.
Kaimati anapanda kama mgeni aliyealikwa.
Radi anapanda kwa kuwa Kaimati amepanda.
Mdalasini anasimama.
Anaweka mguu mmoja, anautoa,
masikio yamelala, mkia unachapa hewa.
Basi. Tunamrudisha malishoni na karoti yake.
Saa mbili kwa mguu mmoja? anauliza Daktari.
Kesho miwili, namjibu.

Farasi humchukua siku tisa kuliamini lori.
Mwenye farasi, sijui. Bado nahesabu.

Hatamu za nailoni nimeziondoa, nimeweka za ngozi,
maana nailoni ikipata moto huyeyukia shavuni.
Karatasi za chanjo zimo ndani ya mfuko wa unga, nimezifunga mara mbili.
Ndoo, kamba, koleo la kukatia waya wa ua,
sweta kuukuu la kumfunika macho anayekataa.
Bwana Hirani, mwenye Radi, anataka kujua
tandiko lake la babu litakaa wapi humu.
Halikai, Bwana. Litabaki.
Kimya chake kirefu kuliko kamba zangu.

Kisha nawaambia lile wasilopenda kulisikia:
ukishamtoa farasi, funga mlango nyuma yake.
Usipofunga, atarudi.
Ataukimbilia moto, atayakimbilia maji,
kwa sababu pale ndipo alipolala, ndipo alipokula,
na kichwani mwake hatari iko huku nje.

Mwisho, kalamu ya wino usiofutika upesi.
Naubana mguu wa Mdalasini magotini,
naandika juu ya ukwato namba ya Daktari, tarakimu kumi,
ili akiokotwa Rongai mtu ajue pa kupiga.
Ananipumulia mgongoni.
Mguu wa nne ananipa mwenyewe.

Jioni navuka barabara kwenda Kuwinda.
Chumba chetu ni safu ya tatu kutoka mtoni,
mabati, na ukutani alama ya tope ya mwaka juzi,
juu kidogo ya kitanda.
Hapa hakuna lori lililowahi kurudi nyuma hadi mlangoni.
Mwende ananinusa: Baba, leo unanuka nani?
Mdalasini, namwambia, na mkono wangu mfukoni
unaikuta kalamu.
Lete mkono.
Tarakimu kumi, zangu, kutoka kiwiko hadi kiganja.
Anacheka, inamtekenya.
Mama yake anasonga ugali, hageuki,
ananyoosha tu mkono wa kushoto nyuma yake.

Nikawa naziandika upya kila Jumapili.

Aprili, saa nane usiku, mto haukubisha hodi.
Mdalasini alipanda kwa miguu yote minne, bila sweta,
juu ya ubao mtupu, maji yakimlamba visigino.
Aliyerudi bandani alikuwa Bwana Hirani.
Nilimtoa akiwa na tandiko kifuani kama mtoto,
nikafunga mlango nyuma yake.

Hapo ndipo simu yangu ikaanza kulia,
namba nisiyoijua,
na mikono yangu yote miwili ina kamba.